Ukubwa wa Kichwa Si Wingi wa Akili

Kiswahili kimelitwika neno "kichwa" mizigo mingi. Kuna kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha gari-moshi. Yuko mwenye kichwa kigumu, na yuko kichwa-maji asiyeambilika. Mafundi wa magari nao wameliongezea mzigo wao: kichwa cha injini. Vijana wa gereji huku kwetu Mombasa husema "hedi" na mambo yakaisha, lakini wazee wa kazi hiyo, wale walioshika spana kabla mimi sijajua kusoma, bado utawasikia wakiamrisha, "Fungua kichwa tukitazame."

Huenda msomaji akajiuliza, hedi ya injini na ukurasa wa utamaduni vimekutania wapi? Wazee wetu walikuwa wakikaa barazani mchana kutwa wakibishana juu ya foromali na tanga, juu ya mkuku na usukani. Nani amekata tanga pana kupita kiasi, na chombo cha nani hakishiki upepo. Maneno yale leo twayakusanya kama lulu, kwa sababu majahazi yamepungua. Mabishano yenyewe hayakufa, yamehamia kwengine. Pita Shimanzi au Changamwe alasiri yoyote, utawakuta watu wamezunguka injini iliyofunguliwa, mikono myeusi kwa oili, wakibishana kwa bidii ile ile: chombo hiki chataka pumzi kiasi gani, na nani ajuaye kukipa? Mwenye kudharau mazungumzo hayo asije miaka hamsini baadaye akatuuliza maneno yake yalikwenda wapi.

Bloki na hedi

Tuanze na alifu kwa ujiti. Injini ina kiwiliwili, nacho ni bloki. Ndani ya bloki mna matundu ya mviringo, ndizo silinda, na ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Juu ya matundu hayo ndipo hufungwa hedi. Lakini hedi si kifuniko cha sufuria. Ina milango ya kuingizia hewa na petroli, ina milango ya kutolea moshi, ina valvu za kuifungua na kuifunga milango hiyo, na juu ya kila pistoni ina chumba kidogo ambamo cheche ya plagi huwasha mchanganyiko. Nguvu yote ya gari huzaliwa katika chumba hicho ambacho kikombe kimoja cha kahawa chatosha kukijaza.

Chuoni tulifundishwa kwamba herufi peke yake haina sauti. Be ni be. Ukiitia fat-ha yasomeka "ba", ukiitia kasra yasomeka "bi", ukiitia dhumma ikawa "bu". Nami naona bloki ni kama herufi na hedi ni irabu yake. Bloki ile ile, ukiifunika kwa hedi hii itakuwa punda wa mzigo. Ukiifunika kwa ile itakuwa farasi. Na ukiifunika kwa isiyokuwa yake itakuwa maiti.

Yamenifika haya kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyerithi gari kwa marehemu babake. Gari hilo ni Datsun 240Z.

Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa Mkenya wa umri wangu. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda Safari kwa gari la aina hiyo, na wa pili wao, Shekhar Mehta na Mike Doughty, walikuwa ndani ya jingine kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Mehta huyo huyo, kwa Datsun za aina nyengine, alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, hata akafikisha ushindi wa mara tano katika Safari. Mashindano yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutoonekana humo tangu yale ya 2002, vijana wengi waliyaona kwa mara ya kwanza. Sisi tulikuwa tukiyasikia kwa redio, na kila mtoto aliyekuwa na ukingo wa baiskeli na kijiti alikuwa ni Mehta.

Basi gari la shemeji yangu si chuma tu. Ni kumbukumbu ya mtu, na ni kumbukumbu ya nchi. Lakini injini yake ya asili, ile L24 ya silinda sita, ilikuwa imechoka. Silinda zake zilikwisha kupanuliwa mara baada ya mara hata kuta zikawa nyembamba. Mpwa wangu akapata kiwiliwili kingine cha ukoo ule ule, L28, ambacho hukaa pale pale pa L24 bila ya kukata wala kuunga. L24 ina ujazo wa sentimita 2,393. L28 ina 2,753. Kijana hataki gari la mashindano. Ataka gari litakalompeleka kazini Jumatatu, na likamfikisha Nairobi Ijumaa, nalo liwe na nguvu za kupita lori mlimani bila kusitasita. Fedha zake ni za kuhesabu, na bloki hiyo akiiua hana ya pili.

Vichwa vitatu juu ya meza

Kwenye meza ya fundi palikuwa na hedi tatu. Ukoo huu wa injini una desturi moja nzuri: kila hedi ilipokuwa ikisubiwa kiwandani ilitiwa herufi na tarakimu ubavuni, kwa hivyo ajuaye kusoma hadanganyiki. Ya kwanza ilikuwa E31, hedi ya 240Z za mwanzo, iliyotoka kwenye injini ya marehemu. Ya pili ilikuwa N42, ya miaka ya kati ya sabini, aliyoinunua kwa muuzaji wa vipuri vilivyotumika. Ya tatu ilikuwa P79, iliyokuja pamoja na bloki yenyewe. Ni hedi ya miaka ya mwanzo ya themanini.

Kijana alikuwa na yake moyoni. "Mjomba," aliniambia, "hedi hii babangu aliishika kwa mikono yake. Sitaki gari la baba liwe na kichwa cha mtu mwengine." Na kama haikuwezekana, basi alitaka N42, kwa kuwa rafiki yake wa Nairobi anayo juu ya bloki kama hiyo na gari lake huruka. Ile P79 alikwisha kuitoa hesabuni. "Hiyo ni ya gari la starehe," alisema.

Fundi ni mzee mpole, hasemi mpaka amefuta mikono. Akafuta mikono. "Mwanangu," akamwambia, "babako alikiweka kichwa hiki juu ya kiwiliwili chake. Kiwiliwili hiki si kile. Kofia ya babako nzuri, lakini wataka kumvisha mtu ambaye hata kichwa hukumpima?"

Akachukua kipande cha boksi la gasketi na kalamu ya risasi, akaanza kupima.

Hesabu ya mbano

Jambo la kwanza la kupimwa ni mbano. Pistoni ikiwa chini, silinda imejaa hewa na petroli. Pistoni ikipanda, yote hayo hubanwa ndani ya kile chumba kidogo. Ukigawanya nafasi ya kwanza kwa nafasi iliyobaki, ndiyo hesabu ya mbano. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa, ndivyo unavyotoa nguvu nyingi zaidi kwa petroli ile ile. Hapo ndipo vijana hupapatika.

Silinda ya L28 ina kipenyo cha milimita 86, na pistoni husafiri milimita 79. Hiyo ni sentimita za ujazo 459. Pistoni za bloki hii ni bapa juu, hazina kibakuli, na hupanda kupita uso wa bloki kwa unywele tu. Gasketi nayo huongeza nafasi yake. Chumba cha E31 ni kama sentimita 42, cha N42 ni kama 44 na nusu, na cha P79 ni kama 53 na nusu. Ukijumlisha na kutoa, nafasi iliyobaki juu ya pistoni huwa kama 47 kwa E31, kama 49 kwa N42, na kama 58 kwa P79. Basi fundi akaandika mbano tatu: E31, 10.8, N42, 10.4; P79, 8.9.

Utaona, msomaji, kwamba tofauti ya vijiko viwili vya chai katika chumba yatosha kulibadilisha gari tabia.

Kijana alifurahi kuziona hizo kumi na kitu. Fundi hakufurahi. Petroli ina kiasi cha mbano na joto inachokivumilia. Kiasi hicho ndicho kinachopimwa kwa oktani. Ukipita hapo, mchanganyiko haungoji kuchomwa taratibu na mwali wa plagi, bali hulipuka wenyewe pembeni mwa chumba. Dereva husikia sauti kama changarawe ndani ya kopo, hasa akikanyaga mafuta akiwa mlimani kwa gia kubwa. Mafundi husema injini "yagonga". Wapo waitao "kunoki", lakini katika Kenya yetu neno hilo limehama: ukisema injini "imenoki" watu hukupa pole, kwa maana imekwisha kufa. Nami naona lugha haikukosea sana, kwani inayogonga leo, kesho hunoki. Pistoni hutoboka, gasketi hupasuka, na beringi hufinyangwa.

"Lakini la rafiki yangu haligongi," kijana alisema.

"Rafiki yako yuko wapi?"

"Nairobi, mzee."

Fundi akacheka. Hapa, msomaji, pana somo ambalo halimo katika vitabu vya kigeni, kwa sababu waandishi wake hawakai baina ya Mombasa na Nairobi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini huvuta hewa nyepesi, hujaza silinda kidogo, na kubana kidogo hicho hakuudhi. Gari hilo hilo likishuka Mariakani na kuingia Mombasa, litajaza silinda hewa nzito ya usawa wa bahari, tena hewa ya moto. Mbano uliokuwa tamu kule huwa sumu huku. "Mwambie ashuke nalo wakati wa kaskazi," fundi alisema, "akae kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, kisha apande nalo Mazeras na mizigo na jamaa. Akifika haligongi, nami nitavunja karakana."

Zipo hila. Waweza kuchelewesha cheche ya plagi, au kutia gasketi nene. Waweza pia kutia kemshafti ya mashindano, ambayo hufunga valvu za kuingizia kwa kuchelewa hata sehemu ya mchanganyiko ikarudi ilikotoka, na hivyo mbano mkubwa ukavumilika. Lakini kemshafti hiyo huamka injini ikizunguka kwa kasi sana. Chini ya hapo hulala. Na kuchelewesha cheche ni kununua nguvu kwa mkono wa kulia na kuirudisha dukani kwa mkono wa kushoto. Gari la barabarani huishi kati ya mizunguko 1,500 na 4,500 kwa dakika. Huko ndiko nguvu zitafutwe.

Milango na pumzi

Jambo la pili ni pumzi. Hapa watu wengi huamini kwamba mlango mkubwa ndio bora. Valvu ya kuingizia ya E31 ina upana wa milimita 42. Za N42 na P79 zina 44. Milimita mbili zaonekana si kitu, lakini eneo la duara huongezeka karibu sehemu moja katika kumi, na kiwiliwili cha ujazo wa 2,753 huitaka pumzi hiyo. Kwa hivyo E31, pamoja na mapenzi yote, ilikuwa na mbano kupita kiasi na pumzi pungufu. Ingeweza kupanuliwa viti vyake na kutiwa valvu za 44, lakini hiyo ni gharama juu ya gharama.

Hata hivyo, upana una mpaka wake. Anayeyajua maji ya Kilindini ajua kwamba mkondo ukipita mahali pembamba hukimbia, na ukifika mahali papana hulegea. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Mlango ukichimbwa ukawa mpana mno, injini ikiwa taratibu hewa hutembea kivivu, petroli haichanganyiki vizuri, na dereva akikanyaga mafuta gari hukohoa kabla ya kwenda. Vijana hupenda kuichimba milango kwa mashine ya mkono mpaka ing'are kama kioo. Alumini iliyochimbwa hairudi, na ukuta ukitobolewa ukafika kwenye njia ya maji, hedi imekwenda.

Fundi wetu hakuipanua milango hata kidogo. Aliondoa vijinundu vya kusubiwa karibu na viti vya valvu, akalinganisha midomo ya milango na gasketi isiwepo kingo ya kuizuia hewa, kisha akavipeleka viti vikakatwe kwa pembe tatu badala ya moja, ili hewa ipinde taratibu inapoingia. "Shilingi ya hapa," alisema, "yalipa kuliko shilingi kumi za kung'arisha."

Kuna jambo jengine la ukoo huu. Milango ya kuingizia na ya kutolea moshi yote iko upande mmoja wa hedi, kama nyumba ambayo wageni na watoa maji machafu hutumia ukuta mmoja. Kabureta hukaa juu kabisa ya bomba za moshi wa moto. Katika joto la pwani petroli huweza kuchemka ndani ya kabureta ukizima gari kidogo na kuliwasha tena. Kwa hivyo bamba la kukinga joto baina yao ni sehemu ya kuchagua hedi. Asiyelipangia tangu mwanzo atalaumu kabureta isiyo na hatia.

Pia milango ya moshi ya P79 ni ya mviringo, na ile ya E31 na N42 ni ya mraba. Manifoldi ya marehemu ilikuwa ya mraba. Ikabidi kijana atafute ya mviringo na gasketi yake, gharama aliyokuwa hakuihesabu.

Maradhi yaliyofichika

Jambo la tatu ni afya. Hedi zote tatu ni za alumini, na alumini hupoa haraka kuliko chuma, ndiyo sifa yake. Lakini hupinda ikichemshwa, na huliwa na maji mabaya. Sisi wa pwani twajua maji ya visima vyetu yana chumvi. Mtu akiwa safarini, rejeta ikipungua, hujaza maji yoyote aliyoyapata. Miaka ikapita, matundu ya maji ndani ya hedi yakaliwa kama jiwe la matumbawe. Fundi alipoigeuza ile N42 na kuisugua kaboni, ndivyo ilivyokuwa: baina ya tundu la maji na ukingo wa silinda ya sita alumini ilibaki kama ukucha.

Akaipima urefu. Hedi ya ukoo huu ikiwa nzima huwa na kimo cha takriban milimita 108. Hii ilikuwa 107. Maana yake ilikwisha kupinda, ikasawazishwa kwa mashine, na muuzaji hakusema. Kimo hicho kilichopungua kimepunguza chumba, na mbano ule wa 10.4 kwa kweli ulikuwa umepita 11. Tena kemshafti ya injini hii imekaa juu ya hedi na huzungushwa na cheni ndefu kutoka chini. Hedi ikikatwa, kemshafti hushuka, cheni hulegea, na valvu huanza kuchelewa. Aliyekata alipaswa kuinua viti vya kemshafti kwa vipande vya chuma vya unene ule ule aliouondoa, au angalau kuihamisha gia ya cheni kwenye tundu jengine kati ya matatu yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Hakufanya lolote.

E31 ilikuwa nzima kimo, imetunzwa na mtu aliyeipenda. Lakini nayo ilikuwa na jambo. Iliundwa zama za petroli yenye risasi, na viti vyake vya valvu za kuingizia ni vya shaba. Risasi ile ilikuwa ikiacha utando laini baina ya valvu na kiti. Kenya, pamoja na Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, iliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, baada ya kampeni ambayo shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, lilikuwa mstari wa mbele; na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari. Kwa mapafu ya watoto wetu hiyo ni neema kubwa. Kwa hedi za zamani maana yake ni viti vipya vya chuma kigumu, na kazi hiyo haifanywi na kila mtu.

Hukumu

Ikabaki P79, ile iliyokuwa imetolewa hesabuni. Mbano wake, 8.9, wavumilika kwa petroli ya kituo chochote cha barabarani, pwani na bara. Valvu zake ni pana. Viti vyake ni vigumu. Kimo chake ni kizima, na kilipojazwa maji na kutiwa upepo wa nguvu hakikutoa povu popote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na mbachao huo ulikuwa chini ya meza, umefunikwa gunia.

Kijana alinyamaza kwa muda. Nilijua hakuwa akifikiria mbano. Alikuwa ameikumbatia ile E31 kwa mikono miwili, nami sikumwambia neno, kwani kuna mambo ambayo mjomba hana haki ya kuyaharakisha.

Fundi ndiye aliyelipatia jambo hilo njia. "Bloki ya babako usiiuze chuma chakavu," alimwambia. "Silinda zake zaweza kutiwa silivu mpya siku Mungu akikujaalia. Siku hiyo kichwa hiki kitarudi juu ya kiwiliwili chake, na gari la babako litakuwa la babako. Leo tia hedi inayolingana na bloki uliyonayo, utembee." Wakaipaka oili E31 yote, valvu na viti, wakaifunga kwa nguo kuukuu na plastiki, ikawekwa darini kwa dada yangu pamoja na bloki.

P79 ilifungwa wiki iliyofuata. Tuliendesha mpaka Voi na kurudi, watu watatu na mizigo, jua likiwa kali. Katika kupanda baada ya Mazeras kijana alilipita lori moja kwa gia ya nne, akakanyaga mafuta, nasi sote tukatega masikio. Hatukusikia changarawe. Tulisikia silinda sita zikiimba sauti moja.

Basi kwa msomaji mwenye injini mezani, au mwenye kijana ambaye fedha zake zaelekea huko, namkusanyia yale niliyoyaona. Anza na matumizi: gari litakwenda wapi, kwa mwendo gani, kwa petroli ipi, na katika hewa ya wapi. Kisha pima kiwiliwili: kipenyo, mwendo wa pistoni, na umbo la pistoni juu yake. Kisha soma herufi za hedi, pima kimo chake, jaza chumba chake kwa bomba la sindano ujue ujazo wake wa kweli, na ufanye hesabu ya mbano kabla ya kufungua mkoba. Ijaribu kama ina nyufa. Mwisho kabisa ndipo utazame upana wa milango, na kemshafti na kabureta uzichague pamoja nayo. Anayeanza na upana wa milango huvaa viatu kabla ya suruali.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ya kwanza ni beti na vina, nawaachia mafundi wetu ubeti mmoja, waubandike ukutani karibu na kalenda:

Hedi ukiitafuta, usitazame uzuri,
Tazama kwanza mafuta, na joto lenye hatari,
Na pumzi ya kuvuta, kwa mwendo wa kusafiri,
Kichwa hakiwi hodari, mwili wake ukisita.